Sebene Ikianza, Weka Chupa Chini

Jumamosi moja, saa kumi jioni, vijana wa korali yetu hapa Kasongo walikusanyika uani nyuma ya kanisa kama desturi yao. Hawakuja kuimba. Siku hiyo wanaleta bafle moja, wanaifunga kwenye batri ya sola, na wanafanya mazoezi ya mwili kwa kucheza muda wa dakika arobaini hivi, kisha kila mtu anakwenda kuoga. Basi kijana mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Salamabila akatoa katika mfuko wake vyuma viwili vidogo, vile vyenye kichwa huku na huku, akasema: “Pasta, kwenye simu nimeona watu wa mbali wanacheza na hivi mkononi. Wanasema mwili unakomaa mbio. Tuviingize katika mazoezi yetu, ao tuviache?”

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akipita na jembe lake begani. Akajibu mbele yangu: “Kwanza mtuambie kama kucheza kwenyewe kunafaa.”

Neno la mzee wetu tulikwisha kulizungumza katika baraza miaka iliyopita, sitalifungua tena hapa. Korali zetu zinacheza Jumapili mbele ya watu wote, nyimbo za Jumamosi ni zile zile, na mavazi ni ya heshima. Lakini neno la vyuma lilikuwa jipya kwangu, na nilijibu kabla ya kufikiri. Nilisema: “Leta, nijaribu.”

Ndugu msomaji, mimi nina miaka arobaini na kitu. Mwaka uliopita muganga wa kituo cha afya alinipima tansio, akatikisa kichwa. Kazi yangu ni ya kukaa: kukaa kwenye meza, kukaa kwenye pikipiki, kukaa katika nyumba za watu, na katika kila nyumba kuna ugali wa muhogo na sombe yenye mawese, na mchungaji hakatai sahani. Ndiyo sababu nilikuwa nimeanza kujiunga na vijana siku za Jumamosi, nyuma kabisa, karibu na ukuta.

Wimbo ulianza polepole, nami nikaenda vizuri. Kuinua, kushusha, kuinua, kushusha. Halafu gitaa likaingia sebene. Wewe unajua sebene ni nini: maneno yanakwisha, gitaa linakimbia, na mwili haungoji ruhusa. Nilirusha vile vyuma juu na kando kama kijana wa miaka kumi na minane, hasa kwa kuwa wamama walikuwa wakitazama. Kitu kikalia ndani ya bega langu la kuume. Majuma matatu sikuweza kuinua mkono ule kupita kifua. Jumapili iliyofuata nilitoa baraka kwa mkono wa kushoto, na watoto wa shule ya Jumapili walinicheka waziwazi.

Muganga aliponiona akauliza: “Chuma kilikuwa cha kilo ngapi?”

“Kilo mbili kila kimoja.”

“Si nyingi sana. Lakini Pasta, ulikishika ao ulikitupa?”

Swali lile ndilo lililonifanya nitafute kuelewa jambo hili, na niliyoyaelewa ninayaandika hapa kwa ajili ya vijana wa Kasongo, wa Kabambare na wa vijiji vya machimbo, maana najua vyuma hivi vitafika huko pia, kama havijafika.

Kwanza, si jambo la ajabu wala si la jana. Mwaka 1982 daktari mmoja wa Marekani, Leonard Schwartz, alitoa kitabu kizima kuhusu kutembea na kucheza huku umeshika uzito mdogo mikononi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: mtu anapotembea ao kukimbia, miguu inafanya kazi na mikono inaning’inia tu, ukiipa mikono kazi, moyo nao unapata mazoezi zaidi. Kisha kuna Alberto Pérez wa Cali, nchi ya Kolombia, mwalimu wa mazoezi. Siku moja alisahau kaseti yake ya muziki wa darasa, akatumia kaseti zake mwenyewe za salsa na merenge. Watu wakapenda. Kutoka hapo ikazaliwa Zumba, ambayo tangu 2001 ilienea kutoka Miami hadi pembe nyingi za dunia. Baadaye wakaongeza vijiti vifupi vya mkononi vyenye uzito wa ratili 1 ao ratili 2 na nusu, yaani karibu gramu 450, ao kilo moja na kidogo. Vijiti hivyo vina kitu ndani kinacholia ukivitikisa.

Niliposikia hayo nilicheka. Kitu cha mkononi chenye uzito, kinacholia, unachokitikisa ukicheza: kumbe ni kayamba! Bibi zetu walishika kayamba na kufunga njuga miguuni kabla Miami haijajua neno mazoezi. Tena angalia walivyoicheza: kiwiko kimekunjwa, kayamba iko karibu na kifua, mkono unatikisika mwendo mfupi. Hakuna bibi aliyezungusha kayamba kwa mkono ulionyooka kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Sasa tuje kwenye bega lenyewe. Kila mtu hapa ameona ile mizani ya chuma ya kuning’iniza, yenye mkono mrefu na jiwe dogo linalosukumwa. Gunia zito linaning’inia karibu na ndoana. Jiwe dogo liko mbali mwishoni, na vinasawazika. Mkono wako ni mizani ile. Msuli unaouinua umefungwa karibu na bega, lakini chupa ao chuma kiko huko mwishoni kwenye vidole, mbali sana. Kwa hiyo kilo moja kwenye kiganja, mkono ukiwa umenyooka kando, inaudai msuli wa bega nguvu ya kilo nyingi. Ukikunja kiwiko, uzito unakaribia bega, na deni linapungua. Usisahau pia kwamba mkono wenyewe si mwepesi: kwa mtu wa kilo 60 mkono mmoja una karibu kilo 3.

Hilo ni la mkono uliotulia. Mkono unaokimbia ni habari nyingine. Ukipeleka uzito ule ule huku na huku kwa mwendo mara mbili, nguvu ya kuuzuia na kuurudisha haiwi mara mbili tu. Inakuwa mara nne. Ndiyo maana kilo mbili zilikuwa kitu kidogo katika ubeti wa kwanza, na katika sebene zikawa mzigo ambao bega langu halikuweza kuusimamisha. Ndani ya bega kuna mishipa myembamba inayoshika kichwa cha mfupa kisitoke mahali pake. Msuli mkubwa wa nje ukichoka, hiyo myembamba ndiyo inayovutwa. Ndiyo iliyolia.

Basi faida iko wapi? Iko, lakini tuseme ukweli wake bila chumvi. Watu waliopimwa wakitembea na uzito wa nusu kilo hadi kilo moja na nusu mikononi walionekana kutumia nguvu zaidi kidogo kuliko wanaotembea mikono mitupu, kadiri ya sehemu 5 hadi 15 katika mia. Si nyingi, lakini si bure. Misuli ya mabega na mikono inajifunza kuvumilia kazi ya muda mrefu. Na mtu aliyeshika kitu hakumbuki kulegeza mikono. Anacheza na mwili mzima.

Ahadi nyingine zinazosemwa kwenye simu usizishike. Mafuta ya mkono hayayeyuki mkononi kwa sababu umeutikisa mkono. Mwili unapopunguza mafuta unapunguza unapotaka wenyewe. Na chupa ya nusu kilo haitakupa kifua cha mpiganaji. Anayetaka nguvu ya kweli ainue kitu kizito zaidi, polepole, mara chache, ao asukume mwili wake mwenyewe kutoka chini kwa mikono, ao akae na kusimama kwenye kigoda mara nyingi bila kujishika. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, katika maagizo yake ya 2020, lilitenganisha mambo haya mawili: mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa juma za kazi ya kumfanya ahemee kiasi, na juu ya hapo afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili ao zaidi. Kucheza kwetu kwa Jumamosi ni dakika arobaini. Hesabu mwenyewe zinazobaki.

Hapa niseme neno ambalo limenikaa moyoni kuliko bega.

Jumamosi ya pili baada ya ajali yangu, mama mmoja alisimama mlangoni mwa uwanja akatazama. Namjua. Aliishi miaka mingi upande wa Namoya, anatwanga mawe yenye dhahabu kwa malipo ya siku, na hata sasa kila asubuhi anachota maji bondeni. Akaniuliza kwa sauti ndogo: “Pasta, na mimi nije na chupa?”

Tufikiri pamoja. Bidoni moja ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Mama huyu anaibeba kutoka bondeni, pengine mara tatu kwa siku. Halafu mchi. Halafu kuni. Nchi yetu hii inajua mizigo tangu zamani: njia ya misafara kutoka Ujiji ilipita Kabambare kuja Kasongo siku za Tippu Tip, na wapagazi walibeba mizigo ya kilo 30 hivi kichwani na begani kwa miezi. Hakuna aliyewaambia waongeze chuma mkononi ili wapate afya. Mtu aliyetwanga mawe tangu asubuhi, ao kijana aliyetoka shimoni na mgongo unaomlilia, hana upungufu wa uzito maishani mwake. Ana upungufu wa kupumzika, na wa kunyoosha kile kilichokunjwa siku nzima.

Nilimwambia: “Mama, njoo, lakini njoo mikono mitupu.” Nami naona kwamba kwake kucheza bila kitu mkononi ni dawa bora kuliko kucheza na kitu: mabega yanafunguka, mgongo unanyooka, mtu anacheka. Uzito mdogo ni wa watu wa namna yangu. Ni wa mwalimu, wa karani, wa mnunuzi wa dhahabu anayekaa siku nzima mbele ya mizani yake ndogo, wa dereva wa pikipiki, wa mwanafunzi aliyepinda juu ya daftari, wa mama muuza duka. Sisi ndio tunaopandwa na tansio na ugonjwa wa sukari tukiwa tumekaa. Ninaomba viongozi wa korali wasifanye chupa kuwa sheria ya kundi, hata asiye nayo aone haya.

Nimesema chupa, si chuma, kwa sababu katika uwanja wetu vyuma vilikwisha kuachwa. Chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita, ukiijaza maji unapata nusu kilo, maana lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani. Ukiijaza mchanga mkavu unapata karibu gramu 800. Kwa wengi nusu kilo inatosha miezi ya kwanza, na zaidi ya kilo moja na nusu katika kucheza sioni sababu yake. Chupa ziwe mbili zenye uzito sawa, na kifuniko kikazwe, la sivyo utawabatiza jirani zako.

Wasomaji wa Salamabila na wa machimbo mengine wanisikilize vizuri katika hili. Mchanga si kila mchanga. Nimemwona kijana aliyejaza chupa yake kasiterite “kwa sababu ni nzuri, ni nzito”. Ni nzito kweli: nusu lita ya kasiterite kavu inakaribia kilo mbili, na tumekwisha kuona kilo mbili zilivyomfanya mchungaji. Na baya zaidi ni chupa iliyowahi kuwekwa zebaki, ile maji ya fedha inayotumiwa kukamata dhahabu. Usiiokote, usiioshe, usimpe mtoto. Zebaki iliyobaki inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na sumu hiyo inashika ubongo na figo. Kwa mtoto na kwa mama mjamzito ni hatari zaidi. Vilevile chupa ya asidi ya batri ao ya dawa ya wadudu. Tafuta chupa iliyokuwa na maji ao soda, basi.

Namna tunavyofanya sasa ni hii. Nyimbo mbili za kwanza hakuna aliyeshika kitu. Mwili unapata joto, mabega yanazunguka, na aliye mgeni anajifunza hatua. Hatua isiyojulikana na uzito mkononi havipatani: macho yanatazama miguu, mkono unakwenda popote, na chupa inampata wa jirani. Kisha tunashika chupa. Tunazishika kama unavyoshika yai la kuku, haishuki lakini haibanwi. Mkono unaobana kwa nguvu unapandisha tansio, na kuzuia pumzi kunaipandisha zaidi, kwa hiyo tunaimba huku tukicheza. Anayeimba hawezi kuzuia pumzi. Viwiko vimekunjwa kidogo kila wakati. Chupa haipandi juu ya bega isipokuwa kwa mwendo wa taratibu. Unaiongoza kwenda na unaiongoza kurudi, usiiache ijiendee.

Na hapa muziki wetu wenyewe umetusaidia kuliko mwalimu yeyote. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa ulimwengu usioshikika, kwa kawaida ina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni polepole, mwimbaji anaeleza habari yake. Nyumba ya pili ni sebene. Nyimbo nyingi za korali zetu zimejengwa vile vile. Basi sheria yetu ni moja: katika nyumba ya kwanza shika chupa, sebene ikianza, weka chupa chini, kando ya ukuta, si katikati ya miguu ya watu. Sebene unaicheza mikono mitupu, kwa mwendo wote unaoutaka. Wimbo ukirudi kuwa wa polepole, anayetaka anaokota tena. Hakuna haja ya saa wala ya filimbi. Hata watoto wameishika sheria hii, nao ndio wanaonipigia kelele mimi: “Pasta, sebene!”

Ukiona bega linauma kwa ncha kali, ao vidole vinakufa ganzi, acha siku ile, usisubiri wimbo uishe. Uchovu wa kawaida wa misuli kesho yake si kitu. Lakini maumivu yanayokuamsha usiku ukilalia bega, hayo mpelekee muganga. Mwenye tansio ya juu, mwenye moyo mgonjwa, mwenye ngiri, mama mjamzito, na yule ambaye bega lake liliwahi kutoka mahali pake, amwulize muganga kabla ya kushika chupa. Kucheza mikono mitupu kwa kiasi, wengi wao wataruhusiwa, na mwenye tansio kunamsaidia. Mimi mwenyewe niliambiwa niendelee kucheza, niongeze kutembea, na nisiache vidonge.

Usifunge uzito kwenye vifundo vya miguu ili uruke nao. Njuga ni nyepesi, ile ni sawa. Mfuko wa mchanga mguuni pamoja na kurukaruka unaharibu goti, na goti la mtu wa Maniema lina kilometa nyingi za kutembea mbele yake.

Bega langu limepona. Ninashika chupa za maji, nusu kilo kila moja, katika nyumba ya kwanza ya wimbo. Yule mama wa Namoya anakuja karibu kila Jumamosi, anasimama mstari wa mbele, mikono mitupu, na katika sebene hakuna kijana anayemshinda. Yule mzee wa jembe bado anapita, bado anatikisa kichwa, ila juma lililopita aliuliza kama chupa ya robo lita ipo. Na vile vyuma viwili vya kilo mbili, mwenyewe aliniachia. Viko ofisini kwangu, vinazuia mlango usipigwe na upepo wakati wa mvua.